Historia Fupi ya Mkoba wa Ukili na Duka Letu la Kwenye Simu

Kamati ya kitabu hichi imenitaka niandike historia. Ile ya hisa, mikopo na migao ataieleza mweka hazina katika kurasa zake, kwani yeye ndiye mwenye daftari na mimi sitaki ugomvi wa hesabu. Mimi nimechagua jambo moja ambalo kila mgeni anayetutembelea huliuliza kabla hajakaa kitako: imekuwaje wanawake wa shamba, ambao wengi wetu tuliishia darasa la saba na wengine hata hapo hawakufika, tukawa na duka linalopeleka mikoba mpaka Ulaya, na duka lenyewe halina hata mlango?

Jawabu lake halianzii kwenye simu. Linaanzia kwenye ukili.

Hapa Unguja kusuka si kitu cha kufundishwa skuli. Mtoto wa kike anakaa ubavuni mwa bibi yake, anapewa vipande vya kindu achezee, na siku moja watu wanashtukia anasuka. Kindu hukatwa kwenye mkindu yakiwa majani machanga, huanikwa juani, huchanwa, na yale ya rangi huchemshwa pamoja na rangi yake mpaka iingie khasa. Ndipo unaposukwa ukili, yaani ule mkanda mrefu tunaoupima kwa pima, na ukili ndio unaoshonwa kwa kuzungushwa mpaka utoke mkoba, msala au kawa. Miyaa ni kwa kazi za nguvu zaidi, kama majamvi, makanda na vikapu vya shamba. Mtu asiyejua humuona mama amekaa barazani anazungumza na shoga zake akadhani amepumzika. Yule yuko kazini.

Kazi hii ni ya zamani kuliko hesabu yake. Karafuu ndiyo iliyovipa visiwa vyetu jina duniani tangu karne ya 19, na karafuu ile ilikuwa ikianikwa juu ya majamvi na kubebwa kwa vikapu na makanda. Nani aliyasuka majamvi hayo? Vitabu vya karafuu ni vingi na vinataja masultani, wenye mashamba na bei ya pishi. Msukaji wa jamvi hatajwi, kwa sababu jamvi lilihesabiwa kuwa kitu cha nyumbani, na kitu cha nyumbani hakina bei.

Bei ilianza kuonekana pale utalii ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na zaidi baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wageni walipenda mikoba yetu. Halafu ikaja habari ya mifuko ya plastiki, ambayo Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kila mtu akawa anatafuta cha kubebea. Hapo ungedhani mambo yetu yamenyooka, lakini aliyekuwa akija kijijini hakuwa mgeni wala mteja wa Dar es Salaam. Alikuwa mchukuzi. Anakuja na gari yake mwisho wa mwezi, anapanga mikoba chini, anakamata huu anauacha ule, anataja bei, na wewe mwenye mtoto anayedaiwa sare unasema haya. Mkoba niliouza mimi kwa shilingi 8,000 niliukuta kwa macho yangu Mji Mkongwe ukiuzwa shilingi 35,000. Niliujua kwa mshono wangu wa mshikio. Simlaumu mwenye duka, ana kodi na ana umeme. Nasema tu kwamba kati ya 8,000 na 35,000 palikuwa na njia ndefu na sisi hatukuwa na miguu ndani yake.

Wale wa umri wangu tulikuwa tumeshaliona jambo hilo kwenye mwani. Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani yetu ya mashariki, kule Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kwa wanawake wengi zile ndizo pesa za mwanzo walizoweza kuziita zao. Wapo wanaume waliocheka, kisha wakanyamaza walipoona bati limepanda juu ya nyumba. Lakini mnunuzi wa mwani ndiye mwenye mizani na ndiye mwenye bei, na mkulima kazi yake ni kushusha gunia na kusubiri aambiwe. Baadaye maji yakazidi joto, na ule mwani mnene wenye bei nzuri ukawa unakufa kwenye maji ya kina kifupi. Waliokuwa hawana kazi nyengine ila mwani walirudi nyumbani na kamba tupu.

Sasa nije kwenye sanduku, kwa sababu bila ya sanduku duka lisingekuwepo. Mtindo wetu wa kuweka na kukopa haukubuniwa hapa. Ulianzishwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, nao waliuita Mata Masu Dubara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika Unguja, vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, na ukatembea kutoka mtaa hadi mtaa kwa miguu ya wanawake wenyewe. Bara watu wanauita VICOBA. Kila mwanachama anajua utaratibu: sanduku la chuma lina makufuli matatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya mkutano. Wapo waliotucheka wakasema hawa akina mama hawaaminiani. Mimi huwajibu kwamba tunaaminiana sana, na makufuli ndiyo yanayotuwezesha tuendelee kuaminiana.

Basi tukawa tunaweka, tunakopa, tunagawana kila mwaka, na mikoba tunauza kwa mchukuzi kama kawaida, mpaka ulipoingia mwaka 2020. Maradhi ya korona yalipoenea duniani, ndege za abiria wa kimataifa zilisimamishwa nchini mwezi wa Aprili, na hata ziliporuhusiwa tena mwezi wa Mei wageni hawakurudi kwa siku moja. Mahoteli yalifungwa. Mchukuzi hakuja mwezi ule, wala uliofuata. Mikoba ikajaa majumbani hadi kwenye uvungu wa vitanda. Marejesho ya mikopo yakasita, na kwa mara ya mwanzo tulikaa mkutano mzima bila ya mtu kununua hisa hata moja. Nataka wanachama vijana walijue hili: kikundi hiki kilikaribia kufa mwaka ule, na si kwa sababu ya wizi wala ugomvi. Kilikaribia kufa kwa sababu kazi yetu yote ilikuwa imepita katika mlango mmoja, na mlango ukafungwa na aliyeufunga hata hatumjui.

Fikra ya kuuza kwa simu ililetwa na binti wa mwanachama mmoja, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa kuwa hoteli aliyofanya kazi ilikuwa imefungwa. Alipiga picha mkoba wa mama yake juu ya ukuta wa matumbawe, jua la asubuhi, akaiweka kwenye simu yake. Ndani ya wiki moja watu wa Dar es Salaam waliulizia. Malipo hayakuwa tatizo, kwani M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 na tulikuwa tumeshaizoea, pamoja na Tigo Pesa, ambayo tangu mwisho wa 2024 inaitwa Mixx by Yas. Mizigo ikaenda kwa boti. Mkoba uliokuwa shilingi 8,000 tukauuza 25,000 na mteja akashukuru.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza, na ndio ninaotaka kuukalia kidogo.

Alijitokeza kijana mmoja, mjuzi wa mambo ya mtandao, akasema atatufungulia duka kamili: kurasa zenye picha na bei, laini ya simu ya biashara, kila kitu. Na ili tusisumbuke, laini atasajili yeye, neno la siri atalishika yeye, na kila mwisho wa mwezi atatuletea fedha zetu akikata asilimia yake. Mkutano uligawanyika. Wenzetu wengi walisema huyu ni mtoto wetu, amesoma, sisi tutajua wapi mambo ya neno la siri? Wengine tukasema, hebu tungoje. Na pana jambo ambalo wengi hawakulijua: tangu mwaka 2019 laini ya simu husajiliwa kwa alama ya kidole na kitambulisho cha taifa cha mtu mmoja. Maana yake, namba ambayo wateja wote wanaijua, yenye fedha ndani yake, kwa sheria ni ya yule mwenye kidole. Akihama, akigombana nanyi, au akifa, duka limekwenda naye.

Katika mkutano wa pili mwalimu mstaafu mmoja, ambaye hutusaidia hesabu bila ya malipo, akaomba kusema. Alianza mbali. Alisema kuuza kazi za mikono za wanawake kwa watu wa mbali ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1946 mama mmoja wa Marekani, Edna Ruth Byler, alikwenda Puerto Rico akaona wanawake maskini wanatarizi vitambaa vizuri na hawana pa kuviuza. Akavichukua, akaviuza kwa majirani zake kule Pennsylvania kutoka kwenye buti la gari yake. Kazi ile ikakua mpaka ikawa maduka makubwa ya biashara ya haki, ambayo tangu 1996 yanaitwa Ten Thousand Villages. Mama yule alikuwa mwema, akasema mwalimu, lakini ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwake. Angekuwa si mwema je?

Halafu akatueleza habari za Guyana, na mkutano mzima ukanyamaza.

Guyana ni nchi ya Amerika ya Kusini, inapakana na Brazil. Kusini yake kuna mbuga pana iitwayo Rupununi, wanakokaa Wawapishana na Wamakushi, wenyeji wa asili wa nchi ile. Wanawake wao tangu zamani walikuwa wakisokota pamba kwa mkono na kusuka vitanda vya bembea, vile vinavyofungwa huku na huku mtu akalala katikati. Kazi ya kitanda kimoja ni ya muda mrefu sana, na ilikuwa inakaribia kupotea. Katika miaka ya 1990 wanawake wapatao 300 walijikusanya wakaanzisha chama cha wasukaji na kuifufua. Vitanda vyao vilikuwa vizuri hata vingine vikawekwa katika makumbusho ya Uingereza. Kampuni ya simu ya nchi ile ikawasaidia vyombo vya simu ya satelaiti vya karibu dola 12,000, na katika mji mdogo wa Lethem msichana mmoja akafundishwa kuendesha duka lao kwenye intaneti. Kumbukeni huo ni wakati gani. Duka la eBay lilianza Marekani mwaka 1995, na Etsy, ambalo ndilo soko linalojulikana zaidi kwa kazi za mikono, halikuanza mpaka 2005. Wanawake wale wa mbugani waliwatangulia watu wa mjini New York.

Katika miaka miwili hivi waliuza vitanda 17 kwenye intaneti, na bei ya kimoja ilifika mpaka dola 1,000. Vitanda 17 vinaonekana vichache, lakini katika mbuga ambayo fedha taslimu ni adimu zilikuwa fedha za kutikisa. Na ziliwatikisa kweli. Viongozi wa eneo lile, ambao wakati wa kusokota pamba hawakuonekana, waliona wanawake wamepata nguvu na wana mawasiliano na dunia bila ya kupitia kwao. Wakaingia, wakakishika chama. Wanawake waliokuwa wakikiongoza wakajitoa, msichana aliyeendesha duka naye akaondoka, na kazi ikalegea. Gazeti la New York Times liliandika habari hizo mwezi wa Machi 2000, na ndimo mwalimu alimozisoma.

Mama mmoja mtu mzima, ambaye katika mikutano huwa hasemi, akauliza: "Sasa pamba si walikuwa nayo wenyewe? Na mikono si ilikuwa yao?" Mwalimu akasema ndiyo. "Sasa nini kiliwashinda wasiendelee?" Akamjibu kwamba pamba na mikono vilibaki, ila simu, jina la duka na njia ya kumfikia mnunuzi vilikuwa vimeshikwa na wengine. Yule mama akasema, "Basi ni kama kisima chenye kamba kwa jirani." Hakuna aliyeongeza.

Siku ile ile tuliamua kwamba duka litakuwa na makufuli matatu kama sanduku. Utaratibu wenyewe ni huu, nauandika kwa urefu kwa sababu vikundi vyengine hutuuliza. Simu ya duka ni mali ya kikundi na inakaa kwa katibu, ambaye ndiye anayejibu wateja. Fedha haziingii kwenye laini yake. Zinaingia kwenye Lipa Namba iliyoandikishwa kwa jina la kikundi kwa cheti chetu cha usajili, na zile za akiba tunaziweka M-Koba, huduma ya Vodacom ya vikundi iliyoanza mwaka 2019, ambayo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe kila mtu kwa simu yake. Neno la siri la kurasa za duka limeandikwa vipande viwili. Kipande kimoja kiko kwa mweka hazina, cha pili kimo ndani ya sanduku chini ya makufuli. Na daftari la oda liko kwa mtu mwengine kabisa, ambaye haruhusiwi kugusa simu. Kila mkutano, kabla ya kununua hisa, katibu anasoma oda zilizoingia, mwenye daftari anasoma mikoba iliyotoka, na mweka hazina anasoma fedha. Zisipolingana hatuendelei. Yule kijana mjuzi tulimuomba abaki kama mwalimu wetu, kwa malipo ya kila kipindi anachofundisha, naye kwa heshima yake alikubali, na leo ni miongoni mwa wageni wetu wa sherehe.

Kuhusu kazi yenyewe ya duka sitasema mengi, kila mmoja anaiona. Tunatumia WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, kwa sababu ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei kama rafu za duka, na Instagram kwa ajili ya picha. Masoko makubwa ya kigeni kama Etsy tuliyaangalia, lakini wanataka muuzaji awe katika nchi ambazo mfumo wao wa malipo umefika, na tulipotafuta Tanzania haikuwemo. Wateja wa nje tunawapata kupitia Watanzania na Wazanzibari waliopo Uingereza na Oman, na wageni waliokuja hapa wakachukua namba.

Picha ilitufundisha mambo. Mteja hawezi kushika mkoba, kwa hivyo lazima aambiwe urefu, upana na kimo kwa sentimita. Sisi tulizoea pima na shubiri, na shubiri yangu si ya mwenzangu. Tulinunua futi za mshonaji, moja kwa kila wasukaji watano. Rangi nayo: kwenye simu nyekundu inaonekana machungwa, basi picha zote zinapigwa asubuhi, nje, kivulini. Na kindu isiyokauka vizuri huota ukungu njiani. Mkoba wa kwenda mbali unaanikwa siku mbili zaidi, hata mteja awe na haraka vipi. Australia ni wakali sana kwa kitu chochote cha mmea, huko hatupeleki mpaka mteja mwenyewe aulize kwao kwanza.

Kuigwa pia kunatutia wasiwasi. Majirani zetu wa Kenya wana kiondo chao cha katani, kazi ya wanawake wa Kikamba na Kikikuyu. Mkutano wa dunia wa wanawake wa Umoja wa Mataifa ulipofanyika Nairobi mwezi wa Julai 1985, wajumbe wengi waliondoka na viondo begani na sifa yake ikaenea. Haukupita muda mrefu, viwanda vya Asia vikatoa vya kuiga kwa mashine, vya bei ndogo, na wasukaji wakakuta soko limejaa. Sisi tukiweka picha ya nakshi mpya leo, kesho iko kila mahali. Hilo hatuna dawa yake kamili. Tulichofanya ni kushona ndani ya kila mkoba kitambaa chenye namba ya msukaji, na mteja akiuliza tunamwambia ni kazi ya nani na ilichukua siku ngapi. Wapo wanaorudi kununua kwa namba: "Nataka wa nambari 14." Mwenye nambari 14 hajui kusoma, lakini namba yake anaijua, na akiisikia ikisomwa mkutanoni hukaa wima.

Vikwazo vipya haviishi. Tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, na mteja wetu mmoja wa kule, anayechukua mikoba sita kila mara, akaandika kwamba asubiri kwanza aone hesabu. Mikoba sita ilikuwa tayari. Tuliiuza Dodoma.

Namalizia na jambo lililo mbele yetu sasa hivi, kwani historia si ya waliopita tu. Wanachama mnajua kwamba kampuni moja ya mjini imetuletea barua. Wanataka kununua mikoba yetu yote ya mwaka mzima, kwa bei moja, na nusu ya fedha watatanguliza. Sharti lao ni kwamba kurasa za duka, namba ya simu na orodha ya wateja tuwakabidhi wao. Bei yao si mbaya. Ni ndogo kuliko ya dukani kwetu lakini ni kubwa kuliko ya mchukuzi wa zamani, na fedha za mbele ni fedha za mbele. Wenzetu waliochoka wana haki ya kuchoka. Katibu wetu anajibu ujumbe usiku wa manane, wasukaji wakongwe macho yamepungua, na bando linapanda bei. Sijawahi kumwita mtu msaliti kwa kupenda barua ile, na nawaomba wengine wasifanye hivyo mitaani.

Rai yangu mimi, kwa kuwa mmenipa karatasi hii, ni kwamba tuwauzie mikoba kadiri wanavyotaka, hata nusu ya kazi yetu ya mwaka, lakini namba na orodha ya wateja vibaki chini ya makufuli. Tumeshawaandikia kuwauliza kama watakubali hivyo. Jawabu halijafika wakati kitabu hichi kinakwenda kupigwa chapa. Likija au lisije, kura itapigwa katika mkutano wa mgao, kwa kokoto kwenye mitungi miwili kama tulivyozoea, ili asiyejua kuandika awe sawa na katibu. Mkutano utaanza baada ya sala ya adhuhuri. Wenye mikoba ya oda ya Muscat waje nayo siku hiyo hiyo, ikiwa imekauka, na namba zikiwa zimeshonwa ndani.